Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi: Maisha ya Abebe Bikila

Wazee wetu walituachia methali nyingi juu ya mwili wa binadamu, lakini ni chache zilizo nzito kuipita ile isemayo kwamba hujafa hujaumbika. Mtu aliyelala mzima usiku aweza kuamkia asubuhi ambayo hawezi kuinua hata kikombe cha maji. Na aliyewatangulia wenzake kwa mbio aweza kesho yake kubebwa mabegani mwao. Methali hiyo twaitumia sana kuwakanya watoto wasimcheke kiwete. Lakini kuna swali jingine ambalo hatuliulizi mara nyingi. Mtu akiisha kuumia, na majuma yakageuka kuwa miezi, na miezi ikageuka kuwa miaka, afanye nini na mwili uliomsalia? Na watu wa nyumbani mwake, je, wamtendeeje?

Juma hili tumeona vema kulitazama swali hilo katika maisha ya mtu mmoja wa nchi jirani, ambaye miguu yake ilisifiwa ulimwenguni kote, kisha akaishi miaka minne na miezi saba pasipo kuweza kuitumia. Jina lake ni Abebe Bikila, mkimbiaji wa Ethiopia, nchi ambayo babu zetu waliiita Uhabeshi. Wengi wamjua kwa ushindi wake. Sisi twataka hasa kusimulia namna alivyoumia na namna alivyorudi, kwa maana katika maisha yake jambo hilo lilimpata mara tatu, na kila mara kwa namna tofauti na nyingine.

Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, kwenye nyanda za juu za Shewa. Alipokuwa kijana alikwenda Addis Ababa, akaandikishwa katika kikosi cha askari waliomlinda Mfalme Haile Selassie. Huko alikutana na mwalimu wa michezo kutoka Sweden, Onni Niskanen, aliyeona ndani ya askari huyo mwembamba, mnyamavu, uwezo ambao wengine hawakuwa wameuona. Niskanen alimfundisha kukimbia kwa kipimo: siku za mbio ndefu vilimani, siku za mbio fupi za kasi, na siku za kupumzika. Mji wa Addis Ababa uko zaidi ya meta 2,300 juu ya usawa wa bahari, na kifua kilichozoea hewa nyepesi ya mahali kama hapo hupata nguvu nyingi kishukapo bondeni.

Tarehe 10 Septemba 1960, katika Michezo ya Olimpiki mjini Roma, Bikila alisimama kwenye mstari wa mbio za marathoni, ambazo ni kilometa 42 na meta 195. Watu hawakumjua. Viatu alivyopata havikumkaa vizuri, naye akaamua kukimbia miguu mitupu kama alivyozoea kwao. Mbio zilianza jioni ili kuukwepa ukali wa jua, na giza lilipoingia askari waliwamulikia wakimbiaji njia kwa mienge. Karibu na mwisho walipita mbele ya mnara wa mawe wa Aksum, ambao jeshi la Italia liliuchukua kutoka Ethiopia katika miaka ya vita na ambao ulirudishwa kwao mwaka 2005. Hapo ndipo Bikila alipomwacha Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco. Alimaliza chini ya Tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda ambao hakuna mtu aliyewahi kuufikia katika mbio hizo. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki.

Twamwomba msomaji aiweke akilini tarehe hiyo ya Roma, kwa maana siku nane tu baadaye, mnamo tarehe 18 Septemba, katika mji ule ule, walikusanyika wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23, wote wakiwa katika viti vya magurudumu. Hiyo ndiyo michezo ambayo leo yahesabiwa kuwa Michezo ya kwanza ya Olimpiki ya Walemavu. Magazeti mengi ya dunia yalikuwa yamejaa habari za askari aliyekimbia bila viatu. Wale waliokuja katika viti hawakupewa nafasi kubwa kama hiyo. Siku zile hakuna aliyefikiri kwamba Bikila angekuwa na neno la kujifunza kutoka kwao.

Mara ya kwanza ya kuumwa ilimjia mwaka 1964. Zikiwa hazijabaki hata wiki sita kabla ya marathoni ya Tokyo, Bikila alishikwa na maumivu makali ya tumbo, na waganga wakampasua kuondoa kidole tumbo. Wengi walidhani kwamba kwa mwaka ule habari yake imekwisha. Lakini jeraha la namna hiyo, likisafishwa na kushonwa vizuri, hupona kwa muda mfupi katika mwili wa kijana aliyejitunza. Alianza kwa kutembea, akaendelea kwa kukimbia polepole, kisha akapanda ndege kwenda Japani. Tarehe 21 Oktoba, safari hii akiwa na viatu miguuni, aliwapita wote, akamwacha aliyemfuata kwa zaidi ya dakika nne, na kuweka muda mpya wa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Alipokwisha kuvuka mstari hakuanguka kwa uchovu. Alikwenda kwenye majani ya uwanja akaanza kunyoosha viungo, huku maelfu ya watu wakimshangaa. Hakuna mtu kabla yake aliyekuwa ameshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Mtu akipona upesi namna hiyo, ni rahisi kwake kufikiri kwamba mwili ni mtumishi ambaye hutii kila aitwapo. Mara ya pili ilimwonyesha Bikila kwamba sivyo. Tangu mwaka 1967 mguu ulianza kumsumbua, na alipofika Mexico mwezi wa Oktoba 1968 maumivu yalikuwa hayajamtoka. Hata hivyo aliingia katika mbio. Alivumilia kilometa kama 17, kisha akatoka njiani. Dhahabu ilichukuliwa na mwenzake wa Ethiopia, Mamo Wolde. Mfupa ulioumia hauangalii medali wala jina la mwenyewe. Una siku zake za kuunga, na asiyezingoja atasimamishwa njiani apende asipende.

Mbio hizo hizo za Mexico twazikumbuka pia hapa kwetu Tanzania kwa ajili ya John Stephen Akhwari, aliyeanguka, akaumia goti, akafungwa kitambaa, akaendelea mpaka akaingia uwanjani wa mwisho kabisa, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Watu humsifu Akhwari kwa kumaliza, na wanayo haki. Lakini tusimhukumu Bikila kwa kuacha. Hakuna anayeyajua maumivu ya mwili kama mwenye mwili. Kuna siku ambayo ushujaa ni kuendelea, na kuna siku ambayo hekima ni kuketi chini kando ya barabara na kukubali kwamba leo haiwezekani.

Mara ya tatu haikufanana na hizo mbili. Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 Bikila alikuwa akiendesha gari lake dogo aina ya Volkswagen. Gari likamshinda, likapinduka, naye akabanwa ndani yake hadi asubuhi yake alipokuja kutolewa. Shingo ilikuwa imeumia, na pamoja nayo uti wa mgongo, ambamo mnapita mishipa ya fahamu iletayo amri kutoka kwenye ubongo hadi mikononi na miguuni. Tangu shingoni kwenda chini hakuweza kujongeza kiungo hata kimoja. Alikuwa na umri wa miaka 36, mume wa Yewubdar na baba wa watoto wanne.

Baada ya juma moja alipelekwa Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville. Hapa yafaa tueleze kidogo habari za mahali hapo. Kabla ya Vita Kuu ya pili, mtu aliyevunjika uti wa mgongo alihesabiwa kama maiti anayepumua. Alilazwa chali, akaachwa. Vidonda vya kulalia vikamla mgongo, kibofu kikaingia uchafu, homa ikamchukua. Mwaka 1944 serikali ya Uingereza ilimkabidhi idara mpya ya wagonjwa wa namna hiyo daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekuwa ameikimbia Ujerumani mwaka 1939 kwa sababu ya udhalimu wa utawala wa Hitler. Guttmann hakukubali kwamba watu hao wamekwisha. Aliagiza wageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili ngozi isioze. Vibofu vitunzwe kwa usafi mkubwa. Kisha waketishwe, wafanyishwe mazoezi, wapewe kazi za mikono, na mwishowe wapewe michezo.

Mchezo alioupenda zaidi kwa ajili yao ulikuwa wa kulenga shabaha kwa upinde na mshale. Hakuuchagua kwa bahati. Mtu avutaye upinde hutumia mikono, mabega, kifua na mgongo, yaani sehemu zile zile ambazo mwenye miguu iliyopooza huzihitaji ili aweze kuketi sawasawa, kujiinua kutoka kitandani na kusukuma kiti chake. Zaidi ya hayo, mbele ya shabaha aliyeketi aweza kushindana na aliyesimama, wala asiombe kupunguziwa umbali. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, Guttmann aliwakutanisha majeruhi 16 katika mashindano ya upinde kwenye uwanja wa hospitali. Kutoka katika mbegu hiyo ndogo ndipo ulipoota mkutano ule wa Roma wa mwaka 1960.

Katika hospitali hiyo ndimo alimoingia bingwa wa Roma na Tokyo, naye hakuweza hata kugeuza kichwa. Barua za kumpa pole zilimfikia kutoka pande nyingi za dunia, na Malkia Elizabeth alikwenda kumtazama. Lakini barua hazifanyi mkono ujongee, wala ziara ya malkia haimwondolei mtu saa ndefu za usiku. Kazi ilikuwa yake na ya wale waliomhudumia. Mtu aliyezoea kuhesabu kilometa sasa alihesabu vidole. Mara nyingi katika maumivu ya uti wa mgongo, uvimbe wa siku za kwanza ukiisha kupungua, sehemu ya nguvu hurudi. Na kinachorudi hurudi dhaifu kama cha mtoto mchanga, chahitaji kufundishwa upya kila siku. Ndivyo ilivyokuwa kwake. Shingo ilianza kutii, kisha mabega, kisha mikono. Miguu haikurudi. Alikaa huko kama miezi minane, na alipotoka alitoka katika kiti cha magurudumu.

Hapo ndipo tunapoona ukubwa wa mtu huyu, nasi twathubutu kusema kwamba ni ukubwa kupita ule wa Roma. Angeweza kurudi kwao, akafunga mlango, akaishi kwa kutazama medali zake. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini mwaka 1970 alianza kujizoeza upinde, na mwezi wa Julai wa mwaka huo akarudi Uingereza kushindana katika michezo ya viti vya magurudumu, kwa upinde na kwa mpira wa meza. Mtu aliyekuwa wa kwanza duniani alikubali kuwa mwanafunzi kati ya wanafunzi, katika mchezo ambao hakuna aliyekuwa na sababu ya kumwogopa. Kujishusha huko si jambo dogo kwa mtu aliyewahi kushangiliwa na uwanja mzima.

Mwezi wa Aprili 1971 alialikwa Norway kwenye michezo ya walemavu, awe mgeni tu wa heshima. Hakutaka kuketi akitazama. Alishindana kwa upinde na mpira wa meza, kisha akaingia katika mashindano ya vigari vya kuteleza juu ya theluji, vinavyokokotwa na mbwa. Mtoto wa nyanda za Shewa, aliyekulia mbali na theluji, aliwashinda washindani kumi na sita katika mbio hizo. Nguvu iliyokuwa miguuni ilikuwa imehamia mikononi, lakini mwenye kuiongoza alikuwa yule yule.

Mwaka 1972 alikwenda Munich, Ujerumani, kama mgeni wa Michezo ya Olimpiki. Alipoingia uwanjani katika kiti chake watu walisimama wakamshangilia, na Frank Shorter wa Marekani, aliyeshinda marathoni mwaka huo, alimwendea akampa mkono. Wale waliomfahamu walisema kwamba aliipokea ajali kwa moyo ule ule aliopokelea ushindi, akiamini kwamba vyote viwili vilitoka katika mapenzi ya Mungu, wala hakuona haki ya kukubali kimoja na kukikataa kingine.

Lakini tusiwadanganye wasomaji wetu. Ajali ile haikumwachilia kabisa. Tarehe 25 Oktoba 1973 alifariki Addis Ababa kwa kuvuja damu ubongoni, jambo lililohusishwa na majeraha yake ya miaka minne nyuma. Alikuwa na umri wa miaka 41. Mfalme alitangaza siku ya maombolezo kwa taifa lote, na maelfu ya watu walimsindikiza hadi makaburi ya kanisa la Mtakatifu Yosefu.

Basi, maisha hayo yatufundisha nini sisi tulio na wagonjwa majumbani mwetu? Barabara zetu, kwa magari na pikipiki, hutuletea kila siku vijana waliovunjika. Na wako pia walioanguka kutoka minazini na miembeni, na wale ambao mwamba wa machimbo uliwaangukia. Wengi wao hutibiwa mfupa, huruhusiwa kurudi nyumbani, na hapo ndipo shida yao ya kweli inapoanza.

Neno la kwanza ni kwamba mwili una kalenda yake. Mara ya kwanza Bikila alipona kabla ya wiki sita kutimia. Mara ya pili alikwenda kabla ya wakati, akasimamishwa. Mara ya tatu alifanya kazi miezi na miezi kwa ajili ya kuinua mkono. Jeraha la mmoja halipimwi kwa jeraha la mwingine. Kijana asilazimishwe kuonyesha kwamba ni mwanamume kwa kukanyaga mguu ambao haujaunga. Wala asiachwe alale mwezi baada ya mwezi pasipo kujongeza kiungo kilicho kizima, kwa maana msuli usiotumika hunyauka na kiungo kisichokunjwa hukakamaa. Afanye mazoezi aliyoelekezwa na mtaalamu wa viungo, kidogo kidogo, kila siku, hata siku ambayo haoni tofauti yo yote.

Neno la pili ni la watu wa nyumbani. Tunajua kwamba Bikila alikuwa mtu mashuhuri, na milango iliyofunguliwa kwake haifunguki kwa mkulima wa Sumbawanga wala kwa mvuvi wa Kilwa. Jambo hilo ni la kusikitisha, na wenye mamlaka juu ya hospitali na fedha za umma yawapasa kulifikiri. Hata hivyo, mengi katika yale yaliyookoa maisha huko Stoke Mandeville hayahitaji dhahabu. Kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili kwahitaji mikono na zamu iliyopangwa. Kumwosha na kumtazama ngozi kwahitaji maji safi na upendo. Kumketisha mlangoni aone watu, na kumwuliza shauri juu ya mahari ya dada yake au ada ya mdogo wake, hakuna gharama hata ya senti moja.

Neno la tatu ni la kazi. Nyumba nyingi humhurumia majeruhi hata zikamnyang'anya kila kitu cha kufanya. Humlisha, humfunika, humficha chumba cha nyuma wageni wanapokuja. Huruma ya namna hiyo huua polepole. Mtu mwenye mikono apewe kazi ya mikono: kushona, kusuka, kutengeneza redio, kutunza hesabu za duka. Mwenye macho na ulimi afundishe watoto kusoma. Hatuambii mtu kwamba atarudi alivyokuwa. Bikila hakurudi alivyokuwa, na hakuna daktari aliyeweza kumrudishia miguu. Alirudi kwa kile kilichosalia, akakitumia chote.

Mhunzi ambaye koleo lake limevunjika hutafuta jingine, au hutengeneza la namna nyingine, na moto wake hauzimiki. Kwa hiyo twawaomba wasomaji wetu, kila mmoja katika nyumba yake na katika jirani yake, wafikiri leo ni nani aliyelazwa ndani muda mrefu, ambaye watu wameacha kumwulizia. Waende wakamwone. Wamwulize mkono wake waweza kufanya nini, kisha wampe nafasi ya kukifanya.